Kwenda Kisiwani kwa Ruhusa ya Upepo: Somo la Matendo 27 na 28



Somo la leo linahitaji Biblia mkononi. Fungua Matendo ya Mitume sura ya 27, usome mpaka sura ya 28 mstari wa 10. Usikimbie. Ni habari ya safari ya baharini, na aliyeiandika alikuwemo chomboni, maana humo Luka hasemi "wao", anasema "sisi". Anajua bandari zilivyokaa, upepo ulitoka upande gani, maji yalikuwa pima ngapi. Ukimaliza, rudi hapa tuendelee.

Nimeichagua habari hii kwa sababu kikundi chetu cha VIWAWA, huku Mbagala, kinapanga kwenda Mafia. Siyo hija, siyo mafungo. Ni mapumziko ya siku nne kisiwani, vijana pamoja na Mama Mlezi wetu. Nimekaa kwenye vikao vyote vya maandalizi, na kila nikirudi nyumbani naona tulichobishania kimo ndani ya sura hizo mbili. Najua wengi wenu, hata huko Kinondoni, Tandale na Mwananyamala, mnapanga safari kama hizi mwaka huu. Basi tusome pamoja.

Kwanza tumalize swali la wazazi, maana huwa halikosekani: "Vijana wa Kanisa mnakwenda kufanya nini kisiwani? Si mngefanya novena?" Wajibuni kwa heshima, kisha muwasomee Marko 6:30-34. Mitume wamerudi kutoka utumeni wamechoka, watu wanaingia na kutoka, hata nafasi ya kula hawana. Yesu hawaongezei kazi. Anawaita waende kando, mahali pasipo na watu, wakapumzike kidogo. Nao wanaondoka kwa chombo. Sasa angalia kilichotokea: watu wanapita nchi kavu, wanawahi kufika, na pale ufukweni mitume wanakuta umati unawasubiri. Kwa maneno mengine, mapumziko yao yote yalikuwa ni zile saa za chomboni. Ukiona safari yenu imekwenda mrama na mmepumzika kwenye kivuko tu, jua hamjaibiwa kitu, wenzenu walipata hicho hicho.

Lakini kupumzika kunahitaji mpango, na mpango wa kisiwani una bosi wake ambaye hayumo kwenye kamati. Ni upepo.

Kwa wasioijua njia: ukitokea Mbagala Rangi Tatu unashika Barabara ya Kilwa, unapita Mkuranga na Kimanzichana mpaka Bungu, halafu unaiacha lami kuu na kuingia kushoto kuelekea Nyamisati, wilaya ya Kibiti. Nyamisati iko kwenye delta ya mto Rufiji, katikati ya mikoko. Hapo unapanda chombo, unateleza kwenye mkondo kama uko mtoni, unajisikia nahodha. Kisha mikoko inaisha, unatokea kwenye mlango wa bahari kati ya bara na Mafia, na hapo ndipo watu wanaacha kupiga selfi. Chombo kinavuka mpaka Kilindoni, mji mkuu wa wilaya ya Mafia. Kisiwa kikubwa kina urefu wa kama kilomita 50, upande wa mashariki hakuna tena kitu mbele yako ila Bahari ya Hindi. Pembeni yake kuna visiwa vidogo: Chole yenye magofu na popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana, Juani yenye magofu ya mji wa kale wa Kua, na Jibondo, kisiwa cha mafundi wa majahazi. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini. Na kuna papa potwe, samaki anayeweza kuzidi mita 10 na ambaye chakula chake ni viumbe wadogo kabisa wa majini. Hana habari na wewe. Huyo ndiye aliyewafanya vijana wangu wakatae Bagamoyo kwa mara ya kwanza katika historia ya kikundi.

Tatizo likawa tarehe.

Mtu alirusha kura kwenye grupu la WhatsApp: Sabasaba au Desemba? Kura 31 zikaenda Sabasaba, 9 Desemba. Sababu zilikuwa nzuri. Julai wanafunzi wako likizo, kuna sikukuu, na huku Temeke wakati wa Sabasaba Barabara ya Kilwa inajaa mpaka hupumui, kwa hiyo kukimbia mji ni raha tu. Mtunza hazina alikuwa ameshaanza kupiga hesabu za basi.

Mama Mlezi akatuambia tukamwone mzee mmoja jirani yetu, Mwislamu, mzaliwa wa Jibondo, ambaye ujana wake wote aliumalizia baharini. Tulikwenda watatu. Shikamoo, marahaba, tukakaribishwa kahawa. Tukamweleza. Akauliza swali moja tu: "Wajukuu zangu, hiyo Julai nani kawachagulia?" Tukasema, "Kura, Babu." Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Na kusi nalo limepiga kura?"

Naomba tukae hapa kidogo, maana vijana wa mjini hatujui tena mambo haya, na babu zetu wa pwani waliishi kwayo. Pwani yetu ina pepo mbili kuu. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki, takribani Desemba hadi Machi. Kusi hutoka upande wa kusini, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, na Juni, Julai na Agosti ndipo linapokaza. Kwa kaskazi majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja kwetu, kwa kusi yakarudi kwao, mamia ya miaka. Kati ya pepo hizo kuna kipindi kinachoitwa tangambili, bahari inalegea, chombo kinaweza kwenda huku na huku. Na juu ya hayo kuna bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, ambayo hufuata mwezi. Mzee alitueleza hivyo vyote kwa kidole juu ya mkeka. Hakusema Julai watu hawavuki. Wanavuka, wenye shida zao, na vyombo vikubwa vinakwenda. Alisema: "Nyinyi mnakwenda kustarehe. Mwenye kustarehe ana haki ya kungoja."

Sasa turudi kwa Paulo. Matendo 27:9-13. Chombo kiko Bandari Nzuri, kisiwani Krete. Luka anasema Siku ya Kufunga imeshapita, yaani Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, mwezi wa tisa au wa kumi hivi. Kila msafiri wa enzi zile alijua maana yake: msimu wa kusafiri umekwisha. Paulo anawaonya kwamba safari itakuwa na hasara, siyo ya shehena tu, hata ya maisha yao. Nani anamsikiliza? Hakuna. Akida anamwamini nahodha na mwenye chombo.

Tazama ni vitu gani viliwasukuma kung'oa nanga. Cha kwanza, bandari ile haikuwafaa kukaa kipindi cha baridi, haikuwa na starehe. Cha pili, Luka anasema wazi kwamba walio wengi walishauri waondoke. Kura. Cha tatu ndicho kinachonitisha zaidi: ukavuma upepo mwanana wa kusi, wakadhani wameshalipata walilolitaka. Yaani siku ile hali ya hewa ilikuwa nzuri! Hawakuondoka kwenye dhoruba. Waliondoka asubuhi tulivu, jua linawaka, kila mmoja akiwa na hakika kwamba yule mfungwa Myahudi ana woga tu. Muda si mrefu ukashuka kutoka nchi kavu ule upepo wa kaskazini mashariki unaoitwa Eurakilo, chombo kikakamatwa, hakikuweza kuukabili.

Sisemi kwamba Mungu anachukia kura. Kikundi kisichopiga kura kinaongozwa na mwenye sauti kubwa, na hilo ni baya zaidi. Ila yako maswali ambayo kura haiyajibu. Watu 31 wakikubaliana kwamba bahari itatulia, bahari haijapata taarifa. Fadhila ya busara, ambayo Kanisa linaihesabu ya kwanza katika fadhila nne za msingi, ni kujua swali lipi linaulizwa kwa wengi na lipi linaulizwa kwa anayejua. Anayejua anaweza kuwa mfungwa mwenye pingu, anaweza kuwa mzee wa Kiislamu mwenye kahawa.

Nchi yetu imelipa kwa jambo hili. Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia wakafa. Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza kupita kiasi. Julai mwaka uliofuata MV Skagit, iliyotoka hapa hapa Dar es Salaam kwenda Zanzibar, ikapinduka bahari ikiwa imechafuka. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia kabisa gati la kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Ilikuwa na uwezo wa kubeba watu kama 100, waliokufa peke yao walizidi 200. Wengi walikuwa wanatoka sokoni na mizigo yao. Wale hawakuwa wamekosea, walikuwa wanarudi nyumbani. Tuwaombee, na mnapopanga safari msiwasahau. Mkifika gatini mkaona chombo kimejaa, kikundi kizima kirudi nyuma, hata kama mmeshalipa nauli. Ambieni wanachama mapema kabisa, mkiwa bado parokiani, kwamba hilo linaweza kutokea na hakuna atakayelaumiwa. Mkingoja mpaka gatini ndipo mjadili, mtapanda.

Na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa mzifuatilie wiki nzima kabla. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja na kufika Mafia, onyo lilitangulia na vyombo vikazuiwa kusafiri. Siku zile kuna watu walilalamika kwamba safari zao zimeharibika. Waliharibikiwa safari, lakini waliilalamikia wakiwa hai.

Kuna mtakatifu mmoja wa kungoja upepo, na amepita pwani yetu hii hii. Mtakatifu Fransisko Ksaveri aliondoka Lisbon Aprili 1541 kwenda India. Meli ilichelewa, upepo wa kuvukia ukapita, ikabidi akae Kisiwa cha Msumbiji kuanzia mwisho wa Agosti mpaka Februari au Machi ya mwaka uliofuata. Karibu miezi sita! Mtu ana barua ya Papa, ana bara zima la kuhubiri, anakaa kisiwani anatazama bahari. Alifanya nini? Alihudumia wagonjwa hospitalini, mpaka na yeye akaugua. Upepo ulipogeuka wakaendelea, wakatia nanga Malindi, na huko akazungumza na mzee mmoja wa Kiislamu aliyemlalamikia kwamba watu wa mji wamepoa katika ibada. Nikisoma hapo huwa nacheka, naona ni mazungumzo ya barazani kabisa, wazee wawili wanalalamikia vijana. Kisha akavuka mpaka Goa, Mei 1542. Sikukuu yake ni tarehe 3 Desemba.

Na ndiyo, tumehamisha safari kwenda Desemba. Shule zimefungwa, kusi limekwisha, kaskazi haijakomaa, papa potwe yupo, maana huonekana zaidi karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi hivi. Mvua za vuli zinaweza kutunyeshea, tutalowa. Tutakuwa ndani ya Majilio, kipindi ambacho Kanisa zima linangoja, na kwa maoni yangu hakuna wakati bora wa kuangalia bahari.

Wale waliopiga kura ya Sabasaba waliudhika, wacha niseme ukweli. Wawili walijitoa kwenye grupu. Mmoja amerudi.

Lakini tarehe ndiyo ilikuwa rahisi. Kigumu kilikuwa hela, na hapa naomba wenyeviti na watunza hazina mnisikilize vizuri.

Rudi kwenye Matendo 27, mstari wa 30. Usiku wa kumi na nne, chombo kinakaribia nchi, mabaharia wanashusha mashua ndogo baharini wakijifanya wanakwenda kuweka nanga za mbele. Uongo, wanataka kutoroka. Wao ndio wanaojua kuendesha, wao ndio wenye uwezo, wanataka kuwaacha wengine. Paulo anamwambia akida kwamba hawa wasipobaki chomboni, wengine hawataokoka. Askari wanakata kamba, mashua inakwenda zake. Kuanzia hapo wote wana bahati moja. Na Luka, mtu wa takwimu, anatuambia walikuwa wangapi: 276. Mwishoni, chombo kikivunjika, wanaojua kuogelea wanatangulia, wengine wanashika mbao na vipande vya chombo, na hivyo wote wanafika nchi kavu salama.

Sikiliza hapo: wote, lakini siyo kwa njia moja. Kuna aliyeogelea na kuna aliyefika juu ya ubao.

Sasa chukua orodha ya kikundi chako. Kwetu kuna wanaoogelea: walioajiriwa, wenye duka Kariakoo, wanaoweza kulipa safari yote leo hii kwa simu. Kuna kaka wawili wa bodaboda, siku wasipoendesha hawali, na jioni wanatakiwa wapeleke hesabu kwa mwenye pikipiki. Kuna mama ntilie mmoja kijana ana mtoto wa miaka miwili. Kuna dada wawili wanaofanya kazi za ndani, mmoja Mbagala Kuu mwingine Chang'ombe, ambao likizo kwao ni neno la redioni. Kikao cha kwanza kilitoa bei na tarehe ya mwisho ya kulipa, na ndani ya dakika kumi hao watano walikuwa wameshaanza kusema, "Mtatuletea picha." Kwa kucheka. Ndiyo ile mashua ndogo inashushwa hivyo, polepole, kwa kucheka, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Sisi tulichoamua ni hiki, sikileti kama sheria. Kila Dominika baada ya Misa kuna kibubu, kima cha chini ni shilingi 1,000, anayeweza zaidi anaweka zaidi, na kiasi cha mtu anakijua mtunza hazina peke yake. Nauli na chakula vinatoka kwenye kibubu kwa wote sawa. Malazi ni nyumba ya wageni ya kawaida pale Kilindoni, siyo hoteli ya kitalii, ingawa kuna waliotaka ile yenye picha nzuri mtandaoni. Kiingilio cha hifadhi na mashua ya kwenda kumwona papa potwe vimo kwenye hesabu ya pamoja tangu mwanzo, kwa sababu ukiviacha viwe "hiari ya mtu" utajikuta nusu ya kikundi iko majini na nusu imekaa ufukweni inalinda viatu. Wa bodaboda, tumekubaliana watafidiwa hesabu ya pikipiki ya siku nne, siyo zaidi. Hapo kulikuwa na mabishano makali, kuna waliosema tunawalipa watu kwenda kustarehe. Nami nawaheshimu waliosema hivyo, siyo wachoyo, wanafanya kazi kwa jasho. Ila kwa Paulo kamba ilikatwa kwa upanga, haikukatwa kwa makubaliano mazuri.

Kwa wale ambao siku nne hazipatikani kabisa, msione haya kupanga kidogo. Nyie wa Kinondoni mna Mbudya na Bongoyo mlangoni kwenu, asubuhi kwenda jioni kurudi, mashua kutoka Kunduchi au Msasani. Kisiwa ni kisiwa, na upepo wa Mbudya nao unapuliza mchanga kwenye wali vizuri tu.

Sasa sura ya 28, ambayo ndiyo ninayoipenda. Wamelowa, baridi, mvua, hawajui hata pale ni wapi. Wanaambiwa ni Malta. Wenyeji hawakuwa Wakristo wala Wayahudi, na Luka anasema wakawatendea wema usio wa kawaida: wakawasha moto, wakawakaribisha watu wote 276. Na Paulo, Mtume wa Mataifa, aliyeandika barua kwa Warumi, mnajua alifanya nini cha kwanza? Aliokota kuni. Nyoka alimtokea akiwa anaweka kuni motoni. Baadaye anaingia kwa baba yake Publio, mkubwa wa kisiwa, aliyelala na homa na kuhara damu; anasali, anamwekea mikono, anamponya, na wagonjwa wengine wa kisiwani wanakuja. Walikaa miezi mitatu. Katika mistari hiyo kumi Luka haandiki hotuba hata moja ya Paulo. Na Luka ni mtu anayependa kuandika hotuba!

Mafia wenyeji wengi mno ni Waislamu. Sisi ni wageni wao. Kwa hiyo dada, chukua khanga mbili zaidi. Nguo ya kuogelea ni ya majini, siyo ya kupitia sokoni Kilindoni. Kaka, vivyo hivyo, usitembee kifua wazi mbele ya wazee wa watu. Pombe hatubebi. Kitimoto usiulizie. Adhana ikitoka zima muziki, kwanza sabufa haiendi, nitaieleza. Wasalimie wakubwa shikamoo, na ukikaribishwa kula, kula. Sala zetu tutasali kama Paulo alivyofanya kule chomboni, mstari wa 35: alitwaa mkate mbele ya wote, akamshukuru Mungu, akaumega, akaanza kula, na wote wakapata moyo. Hakujificha, wala hakushika kipaza sauti. Rozari ya jioni tutaisali uani, kwa sauti ya watu wanaozungumza. Na kabla ya kuondoka tutauliza wenyeji kama ipo kazi ya mikono ya asubuhi moja, kufagia ufukwe au kubeba kitu. Kuni zetu hizo.

Kuhusu Dominika: likizo haifuti wajibu wa Misa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1247, iko wazi. Mpangaji wa safari aulize parokiani kwake wiki kadhaa kabla: huko tuendako Misa iko wapi, saa ngapi, usafiri upo? Na pale ambapo kweli haiwezekani, kanuni ya 1248 inahimiza kushiriki Liturujia ya Neno au kukaa katika sala kwa muda wa kutosha, mtu peke yake, kama familia, au vikundi vya familia. "Haiwezekani" ni chombo hakiondoki. Kuchelewa kuamka siyo "haiwezekani". Sisi tumeliepuka kwa kuondoka Jumatatu na kurudi Alhamisi.

Mizigo sasa. Soma mstari wa 18, wa 19 na wa 38, uone jinsi walivyopunguza: kwanza shehena, kesho yake vyombo vya merikebu kwa mikono yao wenyewe, mwishoni hata ngano. Walianza na kisicho cha lazima wakamaliza na chakula. Wewe anza ukiwa nyumbani. Begi moja la mgongoni, vitu vyote ndani ya mfuko wa nailoni kwanza, maana mawimbi yanaingia. Sweta, ndiyo, sweta. Kwenye maji upepo hauna utani hata Desemba. Dawa zako unazotumia. Kitambulisho. Biblia ndogo. Sabufa inabaki Mbagala. Na boya la kujiokolea unavaa tangu chombo kinang'oa nanga, hata kama unaogelea kama papa.

Kwenye jumuiya yenu mnaweza kujadili: ni nani katika kikundi chetu ambaye hatujawahi kumwona kwenye safari yoyote, na kuna aliyewahi kumuuliza kwa nini? Na pale ambapo wengi walisema ndiyo na mmoja akasema hapana, huyo mmoja alipewa dakika ngapi?

Mpaka naandika haya waliothibitisha ni 34. Kaka wa bodaboda wote wawili wamo, na yule mama ntilie anakuja na mtoto wake. Shangazi zake wa kumbeba ni wengi. Dada wawili wa kazi za ndani bado hawajapata jibu kutoka kwa mabosi wao. Mama Mlezi anakwenda kuongea na familia zote mbili Jumamosi hii, naomba mumsindikize kwa Salamu Maria tatu. Nafasi zao mbili hatujampa mtu.